Mkono Nilioinua

Kolwezi, Jumapili, kiangazi. Miezi minane tangu niondoke Lubudi, siku chache baada ya kukuzika.

Yaya,

Jana nilikuota tena, dada yangu. Ulitoka ndani ya vumbi, nywele zako nyeupe, ukanipita bila salamu. Sikushangaa. Nakumbuka ulivyokuja na koleo lako kule tulikochimba madini kwa mikono, ukaomba kazi pamoja nasi. Mimi, mdogo wako, nilikufukuza mbele ya wenzangu: "Toka! Mwanamuke akikaribia shimo, mawe yanajificha." Ulilibeba koleo begani, ukaenda zako. Hatukuzungumza habari hiyo tena mpaka ukafa.

Sasa niko kwenye kampuni. Naongoza malori yanaporudi nyuma kumwaga mawe; dereva haoni ukingo, anaona mkono wangu tu. Getini wamebandika sheria. Niliisoma polepole, unajua niliacha shule mapema: kazi ni ya kila anayeiweza, mwanamume au mwanamke, wa kabila lolote.

Ndipo akaja Mama Ngalula, dereva, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Hakuna aliyemkataa kwa mdomo. Ila lori lake likifika, waongozaji wote tunainama kufunga viatu. Anasimama pale na mzigo wake, jua linasogea. Mwisho wa mwezi shefu, msimamizi wetu, angesema tu kwamba ni mzito wa kazi. Karatasi ya getini haina mikono, Yaya.

Siku ya nne nilitazama kioo cha lori, vumbi likielea, nikaona uso umetulia, unangoja. Ulikuwa kama wako. Nikainua mkono. Akarudi nyuma taratibu mno, kana kwamba magurudumu hayagusi chini.

"Sasa weye njo bibi yake?" akapiga kelele Tata Kabamba, mzee mwenzangu wa zamu, akiniita mke wa dereva. Wakacheka wote. "Mawe yakikimbia, tutakula mavumbi!"

"Mavumbi tunakula tangu zamani, tata," nikamjibu. Nikaendelea kumwongoza mpaka mwezi ukaisha.

Mawe hayakwenda popote. Ijumaa Mama Ngalula alisaini kontra, mkataba wake wa kazi. Aliponishukuru niligeuka kuliongoza lori lililofuata. Shukrani ile haikuwa yangu.

Pumzika, dada yangu. Mvua za kwanza zikinyesha nitarudi Lubudi. Nitasimama kwenye kaburi lako niseme kwamba nilikosea, na nitasema kwa sauti, watu wakisikia, maana nilikufukuza watu wakisikia.