Bakuli la Nane

Osaka, 14 Februari

Dada Fumie,

Natumaini theluji ya huko Otaru haijawafunika. Mimi mzima, bado natembeza wageni mjini kuwaonjesha vyakula vyetu. Juzi walikuwa saba. Mmoja alibugia wasabi, ule mkali kama pilipili, akidhani ni parachichi, tukacheka mpaka machozi.

Tuliishia kwa mzee Kuwabara, muuza tambi aliyehamia hapa mwezi uliopita. Akapanga mabakuli manane.

"Mzee, wageni wangu ni saba, na mimi nimeshakula."

"Hesabu vizuri, binti. Na yule mama wa pembeni? Kaniomba nisimtilie kitunguu, na tambi nimkatie fupifupi."

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nikadhani ananitania. Lakini wageni walipoinuka nilichungulia bakuli lile, na halikubaki hata tone la mchuzi.

Dada, unajua ni nani aliyekula hivyo baada ya meno kumtoka. Mwaka wa pili huu tangu tumzike, na mazishini hukuja. Sikulaumu. Mama alivyomfukuza mumeo nilikuwepo, nikanyamaza.

Nikamuuliza mzee kama mama yule alisema jambo jingine.

"Aliuliza treni za kwenda Otaru," akasema huku akifuta meza. "Maskini, kumbe hajawahi kufika. Nikamwelekeza."

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Akibisha hodi, nakuomba usimwache kwenye baridi.

Mdogo wako,
Chizuru