Ubani Uliowahi

Ganako, Jumamosi, Julai 2008. Ukungu haukuondoka hadi saa sita mchana. Nimechoka, wala si kwa kazi ya shamba.

Tangu Pasaka mke wangu, Mama Tekla, amelala chumba cha mbele kwa kidonda cha mguu kilicholetwa na kisukari. Muuguzi akikosa kuja, mimi ndiye ninayekisafisha. Kidonda kinanuka. Nimeliandika neno hilo kama lilivyo, kwa kuwa hapa nyumbani hakuna anayelitamka.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Mama Tekla ni miongoni mwa walioianzisha, lakini kwa aibu ya harufu hiyo aliomba zamu yetu isogezwe mbele, kisha akaomba tena. Tangu hapo amezidi kunyamaza, na kunyamaza kwake kunanitisha kuliko mguu. Zamu ya leo aliikubali kwa sharti moja: niiondoe harufu.

Nimefundisha historia maisha yangu yote, nikawafikiria Wamisri wa kale. Wao walilowesha maua na utomvu wa miti katika mafuta, wakajipaka wanaume kwa wanawake. Hekaluni walifukiza ubani na manemane, na maiti za wakubwa wao walizipaka mafuta yenye harufu nzuri. Mkwe wangu Veronika, anayefanya kazi katika hoteli ya watalii, alikwisha kupulizia manukato yake ya chupa, na harufu mbili zikawa mbaya kuliko moja. Basi asubuhi nilinunua ubani mjini Karatu, nikaufukiza juu ya makaa kando ya kitanda.

Mama Tekla aliutazama moshi ukimzunguka.

"Mwalimu, umeniwahi," akasema. "Hata padri husubiri jeneza lifike kanisani."

"Wamisri walikuwa..."

"Wamisri wako nawajua. Tangu tuoane unanisimulia walivyowakausha watu. Toa hayo makaa."

Niliyatoa. Nilikaa uani, na kwa muda sikutaka kuinuka.

"Baba, niwaambie wasije?" Veronika aliuliza.

Nilirudi chumbani kumwuliza mwenyewe. Badala ya kuuliza, nikamweleza jambo ambalo kwa miaka yote sikuwa nimemweleza: kwamba manukato ya watu wale hayakuwa ya wafu tu. Katika karamu zao, hata wageni walipakwa mafuta mazuri.

Akacheka. Sikumbuki alicheka lini kabla ya leo.

"Basi wapakeni wao. Mimi niacheni."

Tulifungua dirisha licha ya baridi. Veronika alisimama mlangoni na mafuta ya kujipaka yenye harufu ya waridi, akamtilia kiganjani kila aliyeingia.

"Mama Tekla ameagiza," alisema.

"Na chai nayo tutapakwa?" aliuliza Baba Damasi, jirani yetu, nao wakaingia wakicheka.

Walisali, wakaimba. Mara kwa mara mtu aliinua mkono hadi puani, na hakuna aliyeweza kujua kama anaziba au ananusa.

Mama Tekla alikuwa akiitazama mikono hiyo. Nilitambua kwamba alikuwa amelipanga jambo hilo tangu alipocheka. Aliwapa njia ya kukaa naye bila kumwaibisha.

Walipoondoka nilimwuliza Veronika kama harufu ilikuwa nzito.

"Ilikuwa nzito, Baba."

Mimi sikuisikia. Nadhani ni wiki nyingi sasa siisikii.

Kabla ya kusinzia Mama Tekla aliniagiza nitafute mafuta mengine kwa ajili ya zamu ijayo, na safari hii yawe ya yasmini. Nikaitika. Lakini jumuiya ina nyumba nyingi, na zamu huchukua miezi kurudi.

Je, itamkuta?

Sina nguvu ya kulijibu swali hilo leo. Jumatatu nitakwenda mjini kutafuta yasmini.