Filimbi Kwenye Mizizi ya Paini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Mwanza. Tarehe 12/3/1997, saa 7:40 mchana.

Jina: Paskazia Luhende. Umri: miaka 38. Kazi: mtunza bustani. Makazi: Mkolani.

Naeleza kwa hiari yangu. Tarehe nazisoma katika daftari langu, ambalo naliandika kila siku.

Mwaka 1992 nilipunguzwa kazi kwenye kitalu cha serikali. Mfanyabiashara wa Mkolani, mzee Shimba, akaniajiri nimlelee paini za chunguni, zile fupi zinazoachwa mizizi wazi. Mche hupandwa juu ya kopo refu lenye mchanga. Mizizi ikishashuka, kila miezi sita nakata bati vidole vitatu kutoka juu, naosha mchanga kwa birika hadi mizizi isimame kama miguu.

Mnamo tarehe 14/3/1994 nilijaza makopo matano. Daftari linasema: "Mchanga toroli moja. Kausukuma mzee mwenyewe, kutoka nyuma ya stoo." Nilitaka kuuchekecha kama kawaida. Akasema, "Jaza tu, Mama Hellen, nimeshauchekecha." Nikajaza. Hilo ni kosa langu.

Siku hiyo mlinzi wake, Masalu, hakuonekana. Mzee alisema kaenda Geita kuchimba dhahabu. Masalu alikuwa mcheshi. Nikichelewa alinipulizia filimbi getini: "Kadi ya njano, Mama Hellen!" Filimbi aliifunga kwa waya mwekundu wa simu, na hakuwahi kuivua shingoni.

Leo saa 4:20 asubuhi nilikata bati la kopo la pili kwa mara ya tano. Mchanga ulipotoka nikaona waya mwekundu. Mzizi umepita kwenye pete ya filimbi, ukanenepea humo. Niliufunika mti kwa gunia bichi.

Saa 4:35 mzee akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mizizi imefika wapi?"

"Bado, mzee. Mchanga umeshikana."

"Basi acha. Kesho makopo nitayakata mwenyewe."

Tangu aniajiri hajawahi kushika mkasi wa bati. Akalitazama gunia.

"Mbona umeufunika?"

"Mizizi isikauke, mzee."

"Si umesema mizizi bado?"

Akaingia ndani. Saa 5:10 nilitia mti kapuni, nikafunika kwa mchicha, nikatoka. Nimekuja kwa miguu. Niliogopa kukutana na watu wake kwenye gari.

Sijui kilichompata Masalu. Makopo manne ya mchanga ule bado yako kwake. Binti yangu Hellen yuko shule, na njia yake ya kurudi inapita getini kwa mzee. Naomba afuatwe kabla ya saa tisa.

Niliyoyaona ndiyo hayo. Nimesomewa, nimesahihisha mahali pamoja palipokosewa saa, natia sahihi.

(sahihi) P. Luhende

Maelezo ya mpokeaji: Nimepokea mti mmoja wa paini. Filimbi haijatolewa kwenye mzizi. Saa 8:10 konstebo alitumwa shuleni. Saa 8:55 mtoto amefikishwa kituoni, mzima. Anasema mzee Shimba alimfuata shuleni wakati wa mapumziko ya saa sita, akamuuliza mama amebeba nini kwenye kapu.

Sajini Kashindye