Inchi Mbili za Gauni la Bluu

Tarehe 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na cherehani yako na wateja wako wanaoleta kitambaa leo wakitaka nguo jana. Mimi ni mzima wa kutembea na kula, ila zahanati hawakubaliani na mimi.

Nilikwenda kupima Jumatano. Sukari yangu iko mpakani. Daktari, mwanamke mkavu kama rula, ameniambia nipunguze kilo kumi za mafuta kisha nirudi mwezi wa tano. Nikirudi nilivyo, naanza vidonge. Nina miaka ishirini na saba, Mama. Baba alianza vidonge akiwa na hamsini na mbili, na unajua vilivyoishia: kidole, halafu mguu, halafu kitanda kitupu. Sitaki kuingia kwenye foleni ile.

Sasa nikueleze kilichoniudhi. Jana ofisini msimamizi alileta viti vipya. Sisi wachora ramani tunakaa saa nane mfululizo, kwa hiyo ilikuwa kama sikukuu. Kila mtu akapewa chake chenye magurudumu. Mimi akaniwekea kile cha chuma cha chumba cha mikutano. "Hiki ndicho kitakufaa, Tanki. Vile vina dhamana ya mwaka mmoja tu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mama! Hicho ndicho nisichojisamehe. Nilifika nyumbani nikala nusu ya mkate nimesimama jikoni, viatu mguuni, mkoba begani. Njaa sikuwa nayo. Nilikuwa namtafuna msimamizi.

Nimeanzisha daftari. Naandika nilichokula, na nilichokuwa nakiwaza kabla ya kula. Kipimo changu kitakuwa lile gauni la bluu ulilonishonea siku ya kuhitimu. Mizani naiogopa, gauni nalijua. Nililijaribu Jumamosi, nikabana pumzi, nikavuta zipu, zipu ikang'oka meno. Nakutumia kwenye kifurushi hiki. Tia zipu mpya tu, tafadhali. Usiguse kitu kingine.

Mwanao


Tarehe 16 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nimekawia, usinune. Sare za shule zimenikalia kichwani, nashona kola mpaka naota kola. Afya yangu nzuri, ila kiu. Naweka jagi zima la maji pembeni ya cherehani, adhuhuri haijafika limekwisha. Jirani ananiuliza kama nafuga samaki tumboni. Na nguo zinanipwaya! Lile gauni langu la kijani nimelibana mara mbili tangu mwaka uanze. Wateja wananisifu, eti nimerudi usichana. Labda dozi yako ya kupungua imepotea njia ikaja kwangu.

Huyo msimamizi mwambie mama yako ni fundi na ana mkasi. Tanki, tanki gani? Ulizaliwa na kilo nne, wakunga wakakuzungusha wodi nzima kama kombe. Leo ndiyo uwe kichekesho cha watu wa viti?

Zipu nimetia, ya chuma, ya kudumu. Barua nimeiweka mfukoni, kama tunavyofanya tangu ulipokuwa bweni, na mdomo wa mfuko nimeufunga kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda. Kata kwa wembe, taratibu. Livae, kisha uniambie. Usijitese sana. Kula.

Mama yako


Tarehe 7 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole na kola. Umekaa? Kaa kwanza.

Limefunga! Zipu imepanda mpaka shingoni bila kusita hata mara moja. Nilikaa sakafuni nikalia. Wiki tisa za kupanda ngazi za ghorofa sita na kuipita lifti kama siioni. Wiki tisa za kuvua viatu kwanza kabla sijagusa chakula. Hiyo ni sheria niliyojitungia, maana daftari limenionyesha kwamba mkate wote nilikuwa naula nikiwa na viatu. Nikivua, nikanawa uso, hasira inashuka na mkate unabaki kuwa mkate. Wiki ya tano nilitaka kuacha. Nilisimama chini ya ngazi nikajiuliza nani ataona. Sasa gauni limeona.

Lakini wewe! Unapungua umekaa kwenye cherehani na jagi lako, mimi navuja jasho kwenye ngazi. Hiyo ni haki? Nimekuonea wivu, nakiri.

Nililivaa kazini. Siku hiyo msimamizi hakuniita Tanki hata mara moja. Ijumaa nikajipongeza kwa keki. Jumamosi pia. Nadhani sasa naweza kupumua kidogo. Daftari nimeliweka kabatini.

Mwanao


Tarehe 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Salamu zinaishia hapo.

Jana nilirudi kwa daktari nimevaa gauni la bluu. Nilipanda mizani natabasamu kama bibi harusi. Kilo mbili. Nimepungua kilo mbili tu, na sukari imepanda kuliko Februari. Nilimwambia daktari mizani yake ni mbovu. Nilimwambia kwa sauti, "Gauni hili lilikuwa halifungi!" Wauguzi wawili wakageuka. Yeye akalitazama gauni ubavuni, akauliza, "Nani fundi wako?"

Hivyo tu. Nani fundi wako.

Nilifika nyumbani nikaligeuza ndani nje. Kazi yangu ni kuchora mipaka ya viwanja, Mama. Mstari uliohamishwa naujua. Matundu ya sindano ya zamani yapo yote, yamejipanga. Kati yake na mshono mpya kuna utepe wa kitambaa ambacho hakijawahi kuona jua, bluu kama siku ya kwanza, chini ya makwapa ambapo sikuwahi kupatazama. Nusu inchi huku, nusu inchi kule, pande zote mbili. Inchi mbili nzima! Nilikuomba zipu. Niliandika: usiguse kitu kingine.

Unajua ulichoniibia? Zile kilo mbili. Zilikuwa zangu. Nilizitoa ngazi kwa ngazi. Ungeniachia zipu iishie katikati ya mgongo, ningeipenda hapo hapo ilipoishia, ningeendelea. Ukanipa ushindi nisioupata, nami nikausherehekea kwa keki. Wiki tano nimetembea kifua mbele ndani ya uongo wako!

Na hii si mara ya kwanza. Baba alikuwa anakuuliza kila asubuhi, "Leo sukari imesomaje?" nawe unamjibu, "Imetulia." Nilikuwa mlangoni. Niliona kikaratasi cha kipimo mkononi mwako. Haikuwa imetulia.

Daktari amenipa mpaka Agosti, kwa shingo upande. Baada ya hapo ni vidonge.

Mwanao


Tarehe 27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Nikaipiga na pasi, nikidhani labda makunyanzi yakitoka itasomeka vingine.

Umesema sana. Na mimi niseme, maana mdomo ninao. Nililegeza, ndiyo. Miaka thelathini nashona. Mwanamke akija na nguo inayombana, nalegeza, anatoka mlangoni amenyooka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kunitukana. Barua yako ilikuja imejaa Tanki na kiti cha chuma na mkate wa kusimama. Nilitaka siku moja tu uvae nguo ikukubali. Hilo ndilo kosa la kuandikiwa salamu zinaishia hapo?

Na baba yako usimtie humu. Wewe ulikuwa mlangoni, mimi nilikuwa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa anatetemeka kabla sijasoma. Nikisema imetulia, analala. Ulitaka nimfanyeje? Nimsomee hukumu kila asubuhi, kabla ya uji?

Sina la kuongeza. Mkono una ganzi, sindano inaniponyoka.

Mama yako


Tarehe 9 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza, na safari hii nataka jibu.

Nilikaa chini kukuandikia barua kali kuliko ile. Nikatoa barua zako zote nitafute ushahidi dhidi yako. Nikafika ya Machi. Jagi zima kabla ya adhuhuri. Gauni la kijani limebanwa mara mbili. Na sasa mkono una ganzi. Mama! Nilisoma hayo nikakujibu kwamba nakuonea wivu. Mimi niliyemwona Baba akianza hivyo hivyo, kwa kiu na mkanda kuongezwa matundu. Mimi bingwa wa kujitazama: daftari zima la mwili wangu, na wako sikuuona.

Nimelitoa daftari kabatini. Nalo lina mishono iliyolegezwa. Keki zile sikuziandika. Tangu wiki ya sita, mkate nilioula nikiwa nimevua viatu sikuuandika, eti sheria haijavunjwa. Kwa hiyo tunafanana, wewe na mimi, na hilo limeniudhi kuliko kiti cha chuma.

Usidhani nimesamehe. Hasira imehamia kwingine tu. Umelibana gauni lako mara mbili kwa mikono yako mwenyewe, futi likiwa shingoni, na hukujipima! Una daftari la vipimo vya mtaa mzima, hadi vya marehemu. Lifungue utafute ukurasa wako. Haupo. Nenda kapime sukari kesho, kabla ya chai. Wakikusomea, usiniambie imetulia. Niandikie namba.

Gauni nalirudisha. Rudisha mishono mahali pake. Naanza upya na kilo moja na nusu, maana nusu imeshanirudia.

Jambo moja zaidi. Jana nilikisukuma kile kiti cha chuma mpaka mezani kwa msimamizi, kikipiga kelele sakafuni njia nzima, nikachukua chenye magurudumu. "Dhamana ikiisha," nikamwambia, "niite kwa jina langu, nitakuja." Hakuna aliyecheka. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa. Mkate ulikuwepo. Nimeandika hivyo hivyo: ulikuwepo.

Mwanao


Tarehe 21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu nakueleza chini, kwa namba, kama ulivyoagiza.

Umeona nimekaa kimya wiki sita. Nilitaka kukuandikia kwamba ni sare za shule. Shule zimefungwa. Sikwenda kesho uliyosema, wala kesho yake. Niliogopa. Nilikuwa nalala nikijiambia imetulia, imetulia, kama nilivyokuwa namwambia baba yako, nikagundua kwamba mimi hainilazi. Sasa najiuliza kama yeye alikuwa analala kweli, au alikuwa anafumba macho ili mimi nipumzike. Hilo sitalijua. Usiniulize.

Nilikwenda tarehe tisa ya mwezi huu. Muuguzi alinishika kidole akasema kitauma kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimejichoma sindano kabla mama yako hajaolewa." Akacheka. Kisha akatazama kile kidude, akaacha kucheka. Nimeanza vidonge. Narudi kila Jumanne, jirani wa samaki ananisindikiza na mdomo wake.

Gauni nimelifumua nikalirudisha tundu kwa tundu. Utepe mpya umerudi ndani. Zipu haitafika juu, nakuambia mapema. Pale itakapoishia, tia alama kwa ndani. Chaki nimekuwekea mfukoni pamoja na barua. Ukitaka kulia, lia, lakini hapo ni pako.

Ukurasa huu nimeuchana kwenye daftari langu. Nakala nimebaki nayo. Kila mwezi nitakutumia wangu, nawe unitumie wako.

Mteja: mimi mwenyewe.
Kifua: inchi 35. Gauni la kijani lilikatwa kwa 40.
Kiuno: inchi 30. Lilikatwa kwa 36.
Nyonga: inchi 37. Lilikatwa kwa 42.
Sukari, kabla ya chai: 15.2.
Haijalegezwa.

Mama yako