Alama Nyekundu Mlangoni kwa Shemeji

Alhamisi jioni. Mvua imepita lakini joto la Migori limekataa kuondoka. Nimeoga mara mbili na rangi nyekundu bado iko kwenye kucha.

Leo nimejidharau. Wacha niseme tu.

Kazi yangu ni mipango ya ardhi. Uwanja wetu wa ndege unapanuliwa, kwa hivyo nyumba zilizo pale ndege zinaposhukia lazima zihame. Hilo silipingi, ni usalama wa watu. Lakini ofisi yetu iliwaacha wajenge mpaka kwenye ua wa uwanja, halafu leo tunakuja na mkebe wa rangi kutia alama milango ya kubomolewa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Akinyi, mjane wa kaka yangu. Nilipita kaburi la kaka nikijifanya nasoma simu.

Akinyi hakulia wala hakubishana. Alituletea viti, kisha akaniuliza mbele ya mkubwa wangu aliyetoka Nairobi, "Shemeji, nitahama. Lakini boma jipya utanitolea lini?"

Kwetu Wajaluo, mjane haanzishi boma peke yake. Ndugu wa mume ndiye huenda naye alfajiri, na jogoo na shoka, asimamishe nguzo ya kwanza. Bila hiyo, hata serikali impe kiwanja kizuri namna gani huko Awendo wanakohamishiwa, Akinyi hatajenga. Atakaa kwa watu. Na ndugu aliyebaki ni mimi pekee.

Mkubwa alitabasamu. "Kumbe ni jamaa yako?"

"Ah, huku kila mtu ni jamaa," nikasema. Halafu nikamgeukia Akinyi. "Mama, hayo mambo ya mila uliza wazee."

Mama! Huyu aliyenipikia miaka yangu yote ya sekondari, akinibakishia mkia wa samaki kwa sababu anajua naupenda.

Aliinua pazia la mlango lisichafuke, nami nikachora alama yangu.

"Asante, afisa," akasema.

Aki hiyo "afisa" imenikaa rohoni.

Niliogopa nini? Nimekuwa nikijiambia niliogopa kuonekana napendelea watu wangu. Uongo mtupu. Nilionea aibu jogoo na shoka mbele ya mtu wa suti. Sasa aibu imenigeukia mimi mwenyewe, na siwezi kuiacha ofisini.

Nimempigia simu, hakushika. Nimepiga tena, akazima.

Basi nimenunua jogoo. Nimemfunga jikoni na tayari ameangusha sufuria, mwenye nyumba amekuja kuuliza kama niko sawa. Siko sawa.

Kesho asubuhi naenda kwa Akinyi bila lile koti la kazi. Nitamwomba msamaha nikiwa nimesimama nje, kwa sababu sijui kama atanikaribisha. Akiniita afisa, nitaitika. Halafu nitamuuliza anataka mlango wake mpya uangalie wapi.