Chokaa Iliyokataa Kuganda

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila gazeti limenitia homa. Umemwambia mwandishi: "Miaka sita chokaa ya kuunga mifupa ilitushinda, nikaiweza nilipopata maabara yangu." Hapana! Nani alikuonyesha kwamba chokaa ikishaganda kuwa fuwele, mfupa uliovunjika hauna hamu nayo, ila ikiwa bado haijaganda huinywa upesi? Nani alitia magnesiamu ili isigande? Leo wewe unaandaliwa ngao ya tuzo, mimi naosha chupa. Ndiyo, nina kijicho. Nataka jina langu.

Dada yako

11 Machi

Shikamoo dada,

Kifua kimepona, kikohozi tu kimebaki. Magnesiamu ni yako, sibishi. Lakini kila jioni uliusuuza ule unga wa chokaa kwa maji, eti mama alisema kitu hakitakati bila maji. Maji hayohayo ndiyo yaliyougandisha! Nilipokwambia ulinijibu, "Tangu lini mtoto akamfundisha mamake kuzaa?" Mimi nasuuza kwa spiriti, naukausha papo hapo. Huo ni wivu tu, dada. Unywe maji upoe.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Hicho kikohozi kakitibu. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa napima, nikitafuta la kukuumbua. Nimegawa unga mafungu matatu. Wenye magnesiamu, nikausuuza kwa maji: fuwele siku ya pili. Usio na magnesiamu, nikausuuza kwa spiriti yako: fuwele siku ya tano. Wenye magnesiamu, nikausuuza kwa spiriti: leo siku ya arobaini na mbili, nimeinama kwenye hadubini mpaka shingo imekakamaa, sioni hata fuwele moja. Nikakaa sakafuni nikacheka, kisha nikalia. Miaka sita nimeiua kazi yangu mwenyewe kwa ndoo ya maji.

Wivu haujaisha, usijidanganye. Ile picha yako gazetini unavyochekelea bado inanichoma.

Nakala ya barua hii nimewapelekea waamuzi wa tuzo, pamoja na vipimo. Ninyi waamuzi, msichonge jina moja kwenye hiyo ngao. Chongeni mawili. La mdogo wangu litangulie, langu lifuate. Nawe mdogo wangu, usiipokee mpaka uyaone yote mawili.

Dada yako