Mikono Chini

Jumatatu, 4 Agosti
Mazoezi Wete, kama kila Jumatatu. Fidla yangu, udi, ngoma mbili. Khatibu, mtoto wa dada yangu, kaja na kompyuta. Eti sisi tupige taarabu yetu tupendavyo bila kukatiza, yeye atie midundo ya disko chini yake. Kajifunza Unguja. Kichefuchefu. Ule mdundo umenikaa tumboni kama kiporo kilichochacha. Wenzangu wanakenua meno.

Alhamisi, 7 Agosti
Bibi harusi wa Jumamosi anautaka muziki huohuo. Wenzangu wote wamekubali. Mimi kiongozi, nimebaki peke yangu. Khatibu ananifariji: "Mjomba, weye piga tu, mashine itakufuata." Nifuatwe na mashine!

Nimeridhia kwa sharti letu la miaka yote: adhana ikianza, mikono chini. Anayepiga juu ya adhana hana kikundi. Mwaka jana nilimfukuza Makame, mpiga ngoma wetu, kwa mapigo matatu tu. Alilia. Sikulegea.

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi Gombani. Nimeanza nimenuna. Jasho, vumbi, spika zinakoroma. Uchafu mtupu.

Kisha sijui. Nikapanda, mdundo ukapanda. Nikazunguka, ukanisubiri. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, udi umelazwa, ngoma kimya. Hata Khatibu, niliyemwona muhuni, kaizima mashine yake mapema. Nakereza fidla peke yangu, na adhana ya alasiri imeshafika katikati. Wanawake wamejitanda. Wazee wanatazama chini.

Najichukia.

Jumapili, 10 Agosti
Wamekuja wote nyumbani. "Mzee Faki, bahati mbaya tu, yameshapita." Makame hakuambiwa hivyo. Wanafiki sisi, mimi wa kwanza.

Khatibu kanitumia rekodi kwenye simu. Nimesikiliza mara tatu. Miaka yangu yote, fidla haijapata kulia vile. Adhana inasikika kwa mbali, na mimi juu yake. Tamu. Hapo ndipo ninapotaka kutapika.

Jumatano, 13 Agosti
Asubuhi nimekwenda Wambaa, kwa Makame. Nimemwomba radhi. Nikamwambia arudi kikundini, nafasi ipo.

"Nafasi ya nani?"

Yangu, nikasema.

Hakucheka. Kanimiminia chai, tukakaa. Vidole vyake vikawa vinagonga meza, taratibu. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, vikaacha.